MARAFIKI WANNE NA GARI LA MOSHI: TUSHUKE WAPI?

Katika vijiji vyetu vya Kasulu na Kibondo, maharage yakiisha kuvunwa na watu wakipata nafasi ya kupumzika, husikika maneno haya: "Mwaka huu twende pamoja kwa treni mpaka Dar es Salaam." Marafiki wanne hukubali papo hapo. Wa kwanza anataka kushuka Tabora. Wa pili anataka kuliona Bunge pale Dodoma. Wa tatu ana ndugu huko Kilosa ambao hajawaona tangu utotoni. Wa nne haombi makuu, anataka kuiona bahari tu. Siku ile wote wanacheka. Lakini baada ya majuma mawili safari imekufa, au, vibaya zaidi, imefanyika na marafiki wamerudi hawasemezani.

Safari ya namna hii yawezekana, tena ni ya furaha. Ila yataka kupangwa kabla ya mtu kutoa hata shilingi moja. Na neno langu kubwa leo ni hili: msianze kwa kuhesabu miji. Anzeni kwa kuhesabu watu mnaokwenda kuwaona, kisha siku za treni, na mwisho ndipo mhesabu miji.

Njia waliyopita wazee wetu

Reli yetu ya kati ilianza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Kabla ya hapo, mtu aliyetaka kutoka Ujiji mpaka pwani alikwenda na msafara kwa miguu, miezi mizima, na wengi hawakufika.

Wazee wetu wa Buha hawakupanda treni hiyo kwa matembezi. Wengi walikwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Morogoro, Kilosa na Tanga. Katika miaka ya 1940 na 1950, ofisi ya wenye mashamba iliyoitwa SILABU ilikuwa ikiandika vijana wa Kasulu na Kibondo kwa mkataba na kuwasafirisha mpaka mashambani. Wengine walimaliza mkataba wakarudi na blanketi na baiskeli. Wengine walioa huko huko, wakazaa, wakazikwa. Ndiyo sababu hata leo ukishuka Kilosa au Kimamba unaweza kukuta watu wenye majina ya kwetu, ambao hawajapata kuiona Kasulu.

Basi, kwa familia nyingi za huku, reli hii si ya kuwafikisha mjini tu. Ni njia ya kuwafikia ndugu waliopotea. Mzee mwenye miaka 75 anayesema, "Nataka kuwaona watoto wa kaka yangu," hana safari nyingi zilizobaki. Msimchanganye na yule anayetaka kupiga picha mbele ya jengo refu. Jengo litakuwapo hata mwaka kesho.

Kitabu cha Ubatizo chaweza kusaidia

Hapa naomba kusema jambo ambalo watu wengi hawalijui. Mkatoliki akifunga ndoa kanisani, paroko wa mahali pale hupeleka habari kwenye parokia alikobatizwa mtu huyo, nayo huandikwa pembeni mwa jina lake katika kitabu cha Ubatizo: ameoana na nani, wapi, na lini. Kwa hiyo, ikiwa kaka yako alibatizwa huku, akaenda mkonge na kufunga ndoa huko, yawezekana jina la parokia ile limeandikwa katika kitabu chetu tangu zamani, wala hakuna mtu wa ukoo aliyewahi kuuliza.

Mwombe paroko akuangalizie. Kitabu si cha kupekua ovyo, lakini ndugu wa damu akija na jina kamili, jina la baba na la mama, na mwaka wa kuzaliwa hata kwa kukisia, kazi si ngumu. Ukipata jina la parokia, peleka ujumbe huko miezi miwili kabla ya safari. Usifunge safari ya siku nyingi kwa kusema, "Nitauliza nikifika." Waweza kufika na kuambiwa kwamba walihama miaka 20 iliyopita.

Treni haikungoji wewe

Kule Italia, marafiki wanaotaka kuona Roma, Firenze na Venezia kwa safari moja hawana shida kubwa. Treni ya kasi toka Roma mpaka Firenze huchukua saa moja na nusu hivi, na treni ni nyingi kwa siku. Wakiichoka Firenze mchana, jioni wako mahali pengine. Aliyekosa treni moja anakunywa kahawa na kungoja inayofuata.

Sisi wa Kigoma tupange kwa akili nyingine. Katika reli yetu ya zamani, treni ya abiria huenda kwa siku maalumu katika juma, na siku hizo hubadilishwa mara kwa mara. Ukishuka Tabora leo, huwezi kuendelea kesho asubuhi kwa sababu umekwisha kuuona mji. Utangoja treni inayofuata, pengine siku tatu au zaidi, na siku hizo zote mtakula na kulala kwa fedha. Watu wanne wakishuka Tabora, Dodoma na Kilosa, kila mahali wakingoja treni nyingine, juma zima litakwisha katika kungoja.

Kwa hiyo shikeni kanuni hii: katika reli ya zamani, shukeni mahali pamoja tu, pale penye watu wenu. Miji mingine mtaiona dirishani, wala hiyo si hasara. Uvinza, nchi ya chumvi, mtaipita. Tabora treni husimama kitambo, maana ndiyo njia panda ya Mwanza. Itigi na Manyoni mtaziona pia, na ile nchi kavu ya Wagogo ambayo haifanani kabisa na vilima vyetu vya kijani.

Reli mbili, stesheni mbili

Sasa kuna jambo jipya. Toka Dar es Salaam mpaka Morogoro, treni ya umeme ya reli ya kisasa, ambayo wengi huiita SGR, ilianza kuchukua abiria mwezi wa Juni 2024, na mwezi wa Julai mwaka huo huo ikafika Dodoma. Mwendo wake hufika kilometa 160 kwa saa. Morogoro mpaka Dar es Salaam ni chini ya saa mbili, na Dodoma mpaka Dar es Salaam ni saa nne hivi au pungufu. Treni hizi ni nyingi kwa siku, kama zile za Italia. Upande wetu, mkataba wa kujenga reli hiyo toka Tabora mpaka Kigoma ulitiwa sahihi Desemba 2022. Lakini mpaka treni hiyo itakapofika Kigoma, hesabuni safari yenu kwa reli ya zamani.

Angalieni kwamba reli hizi mbili hazilingani. Ya zamani ina upana wa meta moja kati ya chuma na chuma. Mpya ina milimeta 1,435. Behewa la moja haliwezi kupita katika nyingine. Abiria lazima ashuke, na stesheni mpya ya Dodoma si ile ya zamani. Wekeni fedha ya gari na nafasi ya kutosha hapo katikati, hasa mkiwa na mzee au mizigo. Ulizeni pia uzito wa mizigo unaoruhusiwa, maana sisi hatusafiri bila maharage ya kuwapelekea wenyeji. Na kila mtu achukue kitambulisho chake.

Mfano wa mpango

Tuseme marafiki wetu wanne wamekubaliana kwamba kituo kikubwa ni Kilosa, kwa ajili ya mzee na wana wa kaka yake. Safari yaweza kuwa hivi.

Siku ya kwanza, wa Kibondo wanakuja Kasulu na kulala kwa wenzao. Siku ya pili, wote wanashuka Kigoma. Wasifike siku ile ile ya treni. Wakifika jana yake, gari likiharibika njiani hawatakosa treni. Na likifika salama, wanapata jioni ya kwenda Ujiji, mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871.

Siku ya tatu wanapanda. Safari ya Kilosa ni ndefu, usiku na mchana, hivyo wahesabu siku mbili. Kwanza waulize stesheni kama treni ile husimama Kilosa, na itafika saa ngapi, ili wenyeji waje kuwapokea. Hapo wakae siku tatu au nne, bila haraka. Ndugu walioachana miaka 50 hawazungumzi yote kwa saa mbili.

Kutoka Kilosa, mabasi huenda Morogoro. Yule mwenye dada yake apate siku yake hapo, chini ya milima ya Uluguru. Kisha wapande treni ya umeme mpaka Dar es Salaam, waione bahari, na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu karibu na bandari, lililojengwa wakati wa Wajerumani. Siku mbili zatosha. Wakirudi, wapande treni ya umeme mpaka Dodoma siku moja kabla ya treni ya Kigoma kupita hapo. Aliyetaka kuliona Bunge atapata nafasi yake bila kuwachelewesha wenzake. Yule wa Tabora ataiona Tabora stesheni, na mwaka mwingine yeye ndiye achague kwanza. Hili aambiwe wazi kabla ya kutoa fedha, asije akalijua ndani ya behewa.

Juu ya siku zote hizo, ongezeni siku mbili za akiba. Treni huchelewa. Asiahidi mtu kuwa kwenye arusi siku ile ile ya kufika.

Tena, epukeni masika. Sehemu ya reli kati ya Gulwe na Kilosa ina mito inayofurika, na mara nyingi maji yamekata njia. Mvua za mwishoni mwa mwaka 1997 na zile za Desemba 2009 na Januari 2010 ziliharibu reli vibaya. Miezi ya Juni mpaka Septemba ni bora, na mavuno yamekwisha kuingia ndani.

Fedha na urafiki

Marafiki hawagombani kwa sababu ya fedha nyingi. Hugombana kwa sababu ya chai, ndizi na nauli ya bajaji, vitu ambavyo hakuna aliyeviandika. Fanyeni hivi.

Kila mtu ajilipie tiketi yake mwenyewe. Chakula na malazi vitoke katika mfuko mmoja. Kwa mfano wa hesabu tu, kila mmoja akitoa 60,000/- kwa siku 12, watu wanne wana 240,000/-, yaani 20,000/- kwa siku, au 5,000/- kwa kila mtu. Ulizeni mapema: je, fedha hiyo yatosha kula na kulala huko tuendako? Kama haitoshi, ongezeni mkiwa bado nyumbani. Mmoja ashike fedha, na mwingine ashike daftari. Asiwe mtu yule yule. Kila jioni hesabu isomwe mbele ya wote, hata kama ni ndizi tatu.

Fedha ya kurudi itengwe kwanza kabla ya kitu chochote, tena isiguswe. Mtu aliyekwama Dar es Salaam bila nauli huwasumbua watoto wake huku kijijini, nao huuza mbuzi ili kumrudisha.

Mwulizane pia lile swali gumu: mmoja akiugua njiani, nani atabaki naye? Jibu lipatikane mkiwa Kasulu, wala si Itigi usiku wa manane. Andikeni namba za simu za nyumbani katika karatasi, maana simu huzimika. Na kama mnakwenda kwa watu msiowajua, chukueni barua ya utambulisho ya mwenyekiti wa kijiji au ya paroko.

Ndugu msomaji, ukitaka kuanza, usiende kwanza stesheni. Kaeni chini ninyi wote, na kila mmoja ajibu swali moja tu: "Ni kitu gani ambacho nikikikosa nitarudi na huzuni?" Yaandikeni majibu. Lile la mwenye miaka mingi zaidi litangulie. Kisha mtu mmoja aende parokiani kuuliza habari za ndugu, na mwingine aulize siku za treni. Majibu hayo mawili yakipatikana, mtajua mara moja pa kushuka.