Safari ya Ziwa la Ellis, Mlima Kenya: Mambo ya Kutengeneza Kabla ya Kutoka Nairobi

Asubuhi isiyo na mawingu, mtu aliye juu ya ghorofa ndefu katikati ya Nairobi huweza kuuona Mlima Kenya upande wa kaskazini, kilele chake kimechongoka kama jino. Watu wa Kawangware, Kangemi na Dagoretti wanaijua zaidi Milima ya Ngong, iliyo kama mlangoni pao. Lakini siku hizi wengi wao, hasa vijana wa makanisa na wa vyama vya kutembea milimani, hutamani kufika mbali zaidi, kwenye maziwa yaliyo juu ya mlima ule mkubwa. Tamaa hiyo ni njema. Mlima Kenya ulifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1949, na mwaka 1997 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Tena, tangu Kisoi Munyao alipoipandisha bendera ya Kenya juu yake wakati wa Uhuru, Desemba 1963, hakuna awezaye kusema kwamba kupanda mlima ni kazi ya wageni tu.

Ziwa la Ellis liko upande wa mashariki, juu ya Chogoria. Wengi hulichagua kwa sababu motokaa yenye nguvu huweza kufika karibu nalo, hata mtu asiyezoea kupanda milima akaliona. Basi jambo hilo hilo ndilo lenye hatari.

Nairobi iko kadiri ya mita 1,700 juu ya bahari. Ziwa liko karibu mita 3,450. Mtu aondokaye mjini alfajiri huweza kuwa ukingoni mwa ziwa kabla ya jua kutua, na mwili wake haukupata nafasi ya kuzoea. Hewa ya huko ni nyepesi. Kwenye mita 4,000 mtu avutapo pumzi hupata karibu sehemu sita tu katika kumi za oksijeni aipatayo mtu wa Mombasa. Mwili huweza kuizoea hali hiyo, lakini huizoea kwa siku, si kwa saa, wala nguvu za ujana hazisaidii kitu. Mcheza mpira hodari huweza kulala akitapika, na mama wa makamo aliyepanda polepole akawa anakunywa chai yake kwa raha.

Ugonjwa wa mlimani huanza kwa kuumwa kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na kuchoka kupita kiasi. Mwenye dalili hizo asipande zaidi hata hatua moja; apumzike hapo alipo, na kama hapati nafuu ateremshwe. Lakini ziko dalili nyingine zilizo mbaya zaidi: mgonjwa hupepesuka kama mlevi, au husema maneno yasiyo na maana, au huhema na kukohoa hata akiwa ameketi. Hapo maji yameanza kuingia katika ubongo au katika mapafu, na mtu huweza kufa kabla ya mapambazuko. Asingojewe asubuhi. Dawa yake ya kwanza ni kumteremsha usiku ule ule, kisha kumpeleka hospitali. Iliyo karibu ni ile ya misheni pale Chogoria. Pombe na vidonge vya usingizi visitumiwe huko juu. Wenye ugonjwa wa moyo, wenye selimundu, na mama wajawazito wamwone daktari kabla ya kulipa nauli.

Mtu huweza kuuliza, “Je, nina siku mbili tu za mapumziko, nifanyeje?” Jibu ni kwamba siku mbili hazitoshi kulala ziwani, na afadhali angoje mwisho wa juma wenye sikukuu. Akiwa na siku tatu, usiku wa kwanza alale kwenye Lango la Chogoria, lililo karibu mita 3,000, penye nyumba ndogo za kupanga na mahali pa kupiga hema. Siku ya pili aende ziwani kwa miguu, polepole, kisha arudi kulala langoni. Atakayetaka kulala ziwani kwenyewe aongeze siku. Zaidi ya mita 3,000 kanuni ya waganga ni kwamba mahali pa kulala pasizidi pa jana kwa mita 500. Kwa hiyo Ziwa la Michaelson, lililo chini ya magenge makubwa karibu mita 4,000, si la safari ya kwanza.

Kwanza yafaa kuijaribu miguu. Matatu nambari 111 hutoka katikati ya mji mpaka Ngong, na kuizunguka milima ile kutwa nzima, yenye urefu wa mita 2,460, kutamwonyesha kila mtu kama viatu vyake vinamfaa au vinamchubua. Ni afadhali kulijua jambo hilo Ngong kuliko Chogoria.

Magari ya Chogoria, Chuka na Meru hupatikana mjini upande wa River Road na Accra Road, mahali paitwapo Tea Room. Njia hupita Thika, Makutano na Embu. Kutoka Chogoria mpaka langoni ni kadiri ya kilomita 30 za barabara ya udongo ndani ya msitu na mianzi, ambayo mvua huigeuza kuwa utelezi. Hapo hukodiwa Land Rover ya wenyeji, na bei ipatanwe kabla ya kupanda, ya kwenda na ya kurudi. Miezi mizuri ni Januari na Februari, kisha Julai hata Septemba. Aprili na Novemba hazifai.

Usiku maji ya ndoo huweza kuganda. Nguo nzito si lazima ziwe ghali: sweta za sufu, kofia na makoti ya mvua hupatikana katika mitumba ya Gikomba, na ya Toi karibu na Ngong Road. Suruali za jinzi zibaki nyumbani, kwani zikilowa hazikauki. Kuhusu chakula, wapishi wajue kwamba maji ya huko huchemka kabla hayajawa moto sana. Maharagwe na mahindi huweza kukaa jikoni tangu adhuhuri hata usiku yakabaki magumu. Githeri ipikwe Nairobi. Huko juu upikwe uji, chai na supu.

Kuni haziruhusiwi, yapasa kuchukua jiko la gesi, na kulitazama sana, maana nyasi na miti midogo ya huko hushika moto upesi. Mwezi wa Machi 2012 moto uliunguza sehemu kubwa za mlima. Chupa na mifuko ya plastiki ya kutupwa imekatazwa katika hifadhi zote tangu Juni 2020. Ada ya Shirika la Wanyamapori hulipwa kwa simu au kwa mtandao, si kwa noti, na mwananchi hulipa kidogo kuliko mgeni akionyesha kitambulisho.

Tena mtu asiende peke yake. Nyati na ndovu huvuka barabara ya mianzi, na ukungu huweza kuifunika njia mara moja, hata mtu akazunguka mahali pamoja kwa saa nzima. Kiongozi wa Chogoria anaijua njia hiyo na mapito ya wanyama hao. Kwa kuwa simu hazipati mtandao kila mahali, msafiri amwachie mtu wa nyumbani karatasi yenye majina ya wenzake wote, jina la lango, na siku na saa ya kurudi.