Kupima Raghba ya Mgonjwa kwa Mawimbi ya Ubongo

Mgonjwa aliyepatwa na kiharusi, mkono wake ukapooza, huamriwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo aunyoshe na kuukunja mara mamia kwa mamia, kwa kuwa ubongo haujifunzi upya kuutawala mkono ule pasipo kurudiarudia; na ni machache yaichoshayo nafsi ya binadamu upesi kama kutenda tendo lile lile bila kuiona tija yake. Ndiyo sababu baadhi ya hospitali za utengamao zimeingiza miwani ya uhalisia pepe, imtoayo mgonjwa katika kuta za chumba cha mazoezi na kumweka, kwa macho na masikio, bustanini akichuma matunda, ilhali mkono wake unafanya kazi ile ile aliyoichukia jana.

Lakini je, amezama kweli katika zoezi, au anapunga mkono tu huku fikra zake ziko mbali? Akiulizwa, aghalabu atajibu kwa adabu kwamba amefurahi, hasa ikiwa muulizaji ndiye tabibu wake. Na yule ambaye maradhi yamemfunga ulimi hana hata njia ya kujibu. Haja ya kupata ushahidi usiopitia ulimini ndiyo iliyowaelekeza wataalamu kwenye ubongo wenyewe.

Mlango huo ulifunguliwa na tabibu Mjerumani Hans Berger, wa mji wa Jena, aliyeunasa umeme wa ubongo wa mwanadamu mwaka 1924 na kuutangaza kwa maandishi mwaka 1929. Umeme huo ni hafifu mno, makumi tu ya mikrovolti. Elektrodi zikibandikwa juu ya ngozi ya kichwa huuonyesha kama mawimbi ya kasi mbalimbali. Ya alfa, yatikisikayo mara 8 hadi 13 kwa sekunde, hukua mtu afumbapo macho na kutulia. Ya theta, mara 4 hadi 8, aghalabu huzidi usingizi unyemeleapo. Na ya beta, mara 13 hadi 30, hufuatana na akili iliyo macho. Mwaka 1995 Alan Pope na wenzake, wa shirika la anga la Marekani NASA, wakitafuta namna ya kujua ni lini msimamizi wa mitambo inayojiendesha huacha kuizingatia, waliigawanya beta kwa jumla ya alfa na theta. Hesabu hiyo nyepesi ndiyo iliyohamishiwa kwenye utafiti wa miwani, ikawa kipimo cha raghba: ikishuka, mchezo huongezewa ugumu au hubadilishwa.

Hapa pana mtego. Misuli ya paji la uso na ya taya nayo hutoa umeme, tena mkubwa kuliko wa ubongo, na sehemu yake huangukia katika eneo lile lile la beta. Mtazame mgonjwa ajaribuye kuuinua mkono uliopooza: hukunja uso, huuma meno, huzuia pumzi, na mkanda wa miwani huzisukuma elektrodi kila ageuzapo kichwa. Mashine isiyochuja vema itaandika kwamba raghba imepanda, kumbe kilichokaza ni taya. Zaidi ya hayo, ubongo uliojeruhiwa aghalabu hutoa mawimbi ya polepole kuliko ulio mzima, hata si insafu kumlinganisha mgonjwa na mtu mwingine. Alinganishwe na nafsi yake ya jana.

Wala kuzama katika mchezo si kupona. Mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wachambuao ushahidi wa tiba, yaliyokusanya majaribio 72 yenye washiriki 2,470, hayakuona kwamba mkono hunufaika zaidi kwa uhalisia pepe kuliko kwa mazoezi ya kawaida. Manufaa yalionekana pale michezo ilipoongezwa juu ya tiba ya kawaida, mgonjwa akapata muda mrefu zaidi wa kufanya kazi. Kwa rai yangu, hapo ndipo penye kazi halali ya kipimo hiki, yaani kumsaidia mtaalamu atambue mapema kwamba mgonjwa amechoka, kabla hajaitupa miwani. Hospitali itakayoletewa mashine ya namna hii na iulize kwanza, kabla ya bei, umeme wa taya unachujwaje.