Simu imekwenda, hesabu za mchezo je?

Wiki hii sina habari ya nani kaonekana na nani. Nina habari ya aibu, na aliyeaibika ni mimi mwenyewe. Kaeni mkao wa kula, niwape.

Mwaka 2023 nilipewa ukijumbe wa mchezo mtaani kwetu, Mbagala Kizuiani. Kwa nyie wa ushuani msiojua, mchezo ni kuchangishana fedha, halafu kila wiki mmoja anakula zote. Sisi tulikuwa watu 12, shilingi 10,000 kila kichwa, na mwenye zamu Jumamosi anaondoka na 120,000. Uswahilini hiyo si hela ya kuchezea, jamani. Ni kodi ya chumba, ni sare za mtoto, ni mtaji wa kuanzia genge. Kijumbe ndiye anayekusanya na kuandika nani katoa. Akikosea, hapotezi hela tu, anapoteza na jina.

Kijumbe wa zamani alikuwa mama mmoja muuza vitumbua, mtaa mzima tunamwita Mama. Macho yalianza kumsumbua, akaniita barazani kwake.

"Mwanangu, wewe umesoma na una simu kubwa. Shika huu mzigo."

"Usijali Mama," nikamjibu kwa mapozi. "Mambo ya madaftari yameshapitwa na wakati."

Hayo maneno yangu myashike, tutayarudia.

PROGRAMU YA KIBOSI

Usiku ule sikulala. Nilishusha programu za kuandikia kama sita hivi. Moja ina rangi, nyingine ina majedwali, nyingine inakuchorea na miti ya mawazo yako. Nilimaliza bando la wiki kwa kutazama video za watu wanaofundisha namna ya kupanga maisha. Mwisho nikachagua moja nzuri kuliko zote. Iliniomba nijiandikishe kwa barua pepe, nikabonyeza "baadaye". Nani ana muda bwana?

Kwa wiki sita mambo yalikuwa bomba. Mtu akinipa hela, nachomoa simu, naweka tiki ya kijani, namwonyesha. Akina mama wakawa wananisifu. Mie kichwa kikavimba!

Wiki ya saba, siku ya Alhamisi, narudi zangu kutoka Kariakoo na daladala. Nimekaa dirishani, simu mkononi, tumekwama kwenye foleni pale Mtoni kwa Azizi Ali. Ghafla mkono ukaingia. Pyaa! Simu hiyoo, imeondoka na kijana anayekimbia kama anafukuzwa na nyuki. Abiria wakapiga kelele, konda akanipa pole, gari likaendelea na safari.

Laini sikuumia nayo sana. Kwa kuwa imesajiliwa kwa alama za vidole, kesho yake nilirudishiwa namba ileile, na hela zilizotumwa kwa simu nikazikuta salama. Nikaazima simu kwa kaka, nikashusha ile programu yangu nzuri. Ikafunguka nyeupe pee, kama sahani iliyooshwa. Maana nilibonyeza "baadaye", na kila nilichoandika kilikuwa ndani ya simu moja tu, ile iliyokimbia.

JUMAMOSI YA KASHESHE

Jumamosi ikafika. Watu tisa wakasema walishatoa katikati ya wiki. Watano walituma kwa simu, wakanionyesha ujumbe, hawana neno. Wanne wakasema walinipa taslimu. Nikafungua kopo, ndani mna 30,000. Nikahesabu tena, 30,000. Wale watatu waliobaki wakatoa palepale. Jumla 110,000, na mwenye zamu amekaa mkekani anasubiri 120,000 yake.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mpaka leo linanichoma. Kati ya wale wanne alikuwepo dada mmoja msusi, ambaye wiki za nyuma aliwahi kuchelewa mara mbili. Nikamgeukia mbele ya kadamnasi.

"Dada, kumbuka vizuri. Labda ni ya wiki iliyopita hiyo."

Hakunitukana. Alifungua fundo la kanga, akatoa noti ya 10,000, akaiweka mkekani taratibu.

"Chukua, mdogo wangu. Mungu anajua."

Akaondoka. Watu wakanitazama, wengine wakatazama chini.

Siku ya pili yake nikaenda kununua vitumbua. Mama akaniuliza kulikoni, uso umenisawajika. Nikamweleza. Akaingia ndani, akatoka na kaunta buku lake lililokunjika pembe. Kumbe mwenzenu hakuacha kuandika! Kila mtu aliyenipa hela pale barazani kwake, yeye alipiga mstari kwa mazoea tu. Akasogeza ukurasa kwenye mwanga. Jumanne, asubuhi, msusi, noti moja.

Nikakumbuka yote kwa mpigo. Noti ile niliitumbukiza kwenye pochi yangu badala ya kopo, jioni umeme ukakatika, nikainunulia LUKU. Hela ya watu ikawasha taa zangu!

Nilikwenda kwake Tandika siku hiyohiyo nikamrudishia. Akaipokea, akanijibu neno moja tu: "Hela umerudisha. Lakini yale maneno uliyasema mbele za watu." Nikamwelewa. Jumamosi iliyofuata nikasimama mkekani mbele ya wote 11, nikaomba radhi. Miguu ilikuwa inatetemeka, siwafichi.

MASWALI MANNE KABLA YA KUSHUSHA

Sasa msije mkadhani nawaambia mtupe simu mrudi kwenye madaftari. Daftari nalo linalowa mvua, linaungua, na watoto wanachana karatasi za kutengenezea ndege. Tatizo langu halikuwa simu. Nilichagua chombo kwa uzuri wake, kama mtu anayechagua mchumba kwa viatu. Tangu siku ile, kila programu ya kuandikia nakuwa nayo na maswali manne.

La kwanza: Inafunguka bila bando? Zima data, funga programu, ifungue tena. Ukiona inazunguka tu, achana nayo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, intaneti ikayumba Tanzania nzima na kwa majirani. Rafiki yangu mmoja wa Sinza anayechukua oda za keki alikuwa ameweka oda zote kwenye chombo kisichofunguka bila mtandao. Keki ziko jikoni, majina ya wenyewe yako mawinguni. Alikuwa mdogo kama piritoni!

La pili: Ukiandika leo, utakiona mwezi ujao kwa haraka? Jiwekee mtihani wa nusu dakika. Wengi wetu tunajitumia ujumbe wenyewe kwenye WhatsApp, jambo lililorahisishwa tangu mwishoni mwa mwaka 2022 pale lilipoletwa dirisha la kujiandikia mwenyewe. Kwa orodha ya sokoni ya leo, safi kabisa. Lakini ukirundika humo kodi, namba za mafundi, picha na mistari ya bongofleva, baada ya mwezi unatafuta sindano kwenye gunia la mkaa.

La tatu: Simu ikikwapuliwa sasa hivi, ukishika simu nyingine utayapata maandishi yako? Usijibu kwa kudhani. Azima simu ya ndugu, ingia, angalia, kisha toka na ufute akaunti yako humo. Mimi ningefanya hivyo siku ya kwanza, leo nisingekuwa na habari ya kuwapa.

La nne: Siku ukitaka kuhama, unaondoka na mizigo yako? Programu ni kama chumba cha kupanga, mwenye nyumba ana haki ya kubadili masharti. Desemba 2023 Evernote, moja ya programu za kuandikia zinazojulikana sana duniani, iliwawekea wanaotumia bure ukomo wa maandishi 50 na daftari moja. Si dhambi, ni biashara yao. Ila wewe uwe unajua mlango wa kutokea uko wapi kabla hujaingiza kabati na kitanda.

NINACHOTUMIA MIE

Mtaniuliza, haya dada, wewe sasa unatumia nini? Vitu vya kawaida mno, mtacheka.

Hesabu na orodha naziweka Google Keep. Imekuwepo tangu mwaka 2013, ni bure, na simu nyingi za Android huja nayo tayari. Ukiandika bila bando inashika, ukipata mtandao inapeleka kwenye akaunti yako. Andiko moja kwa jambo moja: "Mchezo", "Kodi", "Madeni". Basi. Sina rangi kumi wala mafungu ishirini.

Ahadi na zamu naziweka kwenye alamu ya simu na kuipa jina. Hata simu ya kitochi ina alamu, kwa hiyo asiyekuwa na simu janja asijione yuko nyuma. Tena chaji yake inakaa siku kadhaa, wakati sisi wa simu kubwa tukikatiwa umeme tunaanza kuzunguka na waya mkononi kama mafundi.

Kama una kompyuta, usidharau lile faili la maandishi matupu, lenye jina linaloishia na txt. Halina urembo, lakini linafunguka kwenye kompyuta karibu yoyote, ya zamani kwa mpya, bila kumlipa mtu.

Na namba za siri, za benki au za pesa za simu, siziandiki popote humo. Mwizi wa simu akikuta namba ya siri imeandikwa chini ya jina "Siri", huyo umemwachia na ufunguo mlangoni.

Lakini dawa kubwa haimo kwenye programu. Kila Jumamosi tukishamaliza, naandika orodha ya waliotoa, naituma kwenye kundi letu la WhatsApp, na Mama anaipiga mistari kwenye kaunta buku. Wasiokuwa na simu janja wanasomewa palepale mkekani. Hesabu ile ikishakaa kwenye simu za watu na kwenye daftari, mkwapuaji wa Mtoni atabeba simu yangu tu, jina langu halibebi. Tena hata mimi nikikosea, kuna wa kunisahihisha kabla sijamnyooshea mtu kidole.

Kwa wale wanaoamini bila programu ya gharama mambo hayaendi, nawapa mfano mmoja. Kulikuwa na profesa wa Ujerumani, Niklas Luhmann, mtaalamu wa elimu ya jamii aliyefariki mwaka 1998. Huyu aliandika mawazo yake kwenye vipande vya karatasi, akavipa namba, akavipanga kwenye masanduku ya mbao. Vilifika kama 90,000! Kwa vikaratasi hivyo alitoa makumi ya vitabu. Chombo chake hakikuwa na chaji wala bando. Alichokuwa nacho ni utaratibu mmoja alioufuata miaka nenda rudi.

Ndiyo maana nawaambia vijana wenzangu, msihamehame. Leo programu hii, kesho ile, kila wiki unahamisha maandishi kama mpangaji anayekimbia kodi, na kazi yenyewe haijaanza. Chagua kimoja kilichofaulu yale maswali manne, kitumie miezi mitatu, kisha ndio ukihukumu.

Mchezo wetu ulimalizika salama, kila mtu alikula zamu yake. Tulipoanza duru mpya nilitaka kuachia ngazi kwa aibu. Aliyesimama kunitetea ni nani? Yule yule dada msusi. Akasema, "Mwacheni aendelee. Huyu ameshaungua, hatachezea moto." Watu wakaangua kicheko, na mie nikacheka huku machozi yananilengalenga.

Kwa hiyo mwenzenu bado ni kijumbe. Simu ninayo, Keep ninayo, na kila Jumamosi namfikishia Mama miwani yake na kalamu kabla sijafungua kopo.

Haya, kazi kwenu. Kabla hujafunua ukurasa wa pili, zima data uone kama maandishi yako yanafunguka. Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo.