Intaneti iko lakini tovuti zinakataa kufunguka: kwenye Linux, anza kwa kuangalia saa

Mashini imewaka, alama ya Wi-Fi inaonyesha kwamba intaneti iko, WhatsApp kwenye simu inapita vizuri. Lakini Firefox inakataa kufungua barua pepe na kuonya kwamba mawasiliano hayako salama. Kwa mwanafunzi wa Bukavu mwenye kutuma TFC yake siku ya mwisho, ama shirika la Goma lenye kungojewa ripoti na wafadhili, ni hapo wengi wanabonyeza kwenye « kukubali hatari » ama wanazima pare-feu yote. Dawa hiyo ni mbaya, na kuzima pare-feu hakuondoi onyo hilo hata kidogo.

Angalia kwanza tarehe. Kompyuta nyingi zinazotumiwa kwetu zilikwisha kutumiwa na wengine ngambo. Ndani yake muna betri ndogo ya mviringo, mara nyingi ile iliyoandikwa CR2032, ambayo inashikilia saa wakati umeme hauko. Betri hiyo ikikufa, saa inapotea kila umeme unapokatika. Ubuntu inajaribu kusaidia: inahifadhi saa ya mwisho iliyoijua na kuanzia hapo. Basi mashini iliyolala juma tatu bila umeme inaamka ikifikiri kwamba bado ni juma tatu zilizopita.

Na kila tovuti ya https iko na cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Vyeti vingi vya Let's Encrypt, vinavyotolewa bure, vimekuwa vya siku 90, kwa hiyo vinabadilishwa mara kwa mara. Cheti kilichotolewa juma lililopita, mbele ya mashini yenye kuishi mwezi uliopita, hakijaanza kazi. Ndiyo sababu tovuti moja inafunguka na nyingine inakataa, jambo lenye kuchanganya hata mafundi. Hata amri ya « apt update » inaweza kugoma kwa sababu hiyohiyo.

Fungua terminali, andika « timedatectl ». Amri hiyo inaonyesha saa, eneo la saa, na kama mashini inalinganisha saa yake na intaneti. Kama hapana, andika « sudo timedatectl set-ntp true » na kungoja dakika moja. Kazi hiyo inapitia mlango wa UDP 123. Pare-feu ya Ubuntu, ufw, kwa kawaida haizuii vitu vyenye kutoka, lakini mitandao fulani ya ofisi inaruhusu kurasa za wavuti tu. Hapo utazima kulinganisha kwa « set-ntp false », kisha utaweka saa kwa mkono kwa « set-time », ukianza na mwaka, mwezi na siku.

Eneo la saa nalo lina mtego wake. Inchi yetu iko na saa mbili: mashariki tunafuata Africa/Lubumbashi, si Africa/Kinshasa. Aliyechagua Kinshasa kisha akasogeza mshale kwa mkono amedanganya mashini kwa saa nzima, na namba za siri zinazobadilika kila sekunde 30 zitakataliwa. Wenye Windows na Linux kwenye mashini moja wanaijua shida nyingine: kila mara wanapohama, saa inaruka kwa saa mbili, kwa kuwa Windows inaandika saa ya hapa na Linux inaandika ile ya UTC.

Saa ikiwa sawa na tovuti bado hazifunguki, jaribu « ping -c 3 9.9.9.9 », kisha ping ya jina la tovuti. Namba ikijibu na jina likikataa, shida ni DNS: badilisha anwani yake kwenye mipangilio ya mtandao.

Na kama saa ni sawa lakini onyo la cheti linabaki, kwenye Wi-Fi ya hoteli pengine ni ukurasa wa kuingia unaongojea nambari yako ya siri. Kama si huo, usiandike neno lako la siri hapo. Jaribu kwanza kupitia simu.