Homa inayokwenda na kurudi: tumpime mtoto au tungoje?

Ukurasa wetu wa afya leo unazungumzia jambo linalozua mabishano katika nyumba nyingi za huku kwetu Iguguno na vijiji jirani. Mtoto anashikwa na homa kali. Anaumwa kichwa, viungo na mgongo, pengine anatapika. Siku ya nne au ya tano homa inakatika ghafla, jasho linamtoka, anaomba uji. Kesho yake anacheza na wenzake au anafuata mbuzi malishoni. Wazazi wanashukuru. Baada ya wiki moja hivi homa inarudi tena. Akipimwa kwa kipimo cha haraka cha malaria, kipimo kinasema hana malaria.

Hapo ndipo baba na mama wanapotofautiana. Mmoja anasema apelekwe akapimwe damu vizuri. Mwingine anasema, ya nini kusumbuka, homa hii huwa inaondoka yenyewe.

Ugonjwa unaofanana sana na maelezo haya ni homa ya papasi. Wazee wa mikoa ya Singida na Dodoma wanaufahamu tangu zamani. Papasi si kupe yule anayeng'ang'ania sikio la ng'ombe mchana kutwa. Papasi ana ngozi laini yenye mikunjo, rangi yake ni kama ya udongo, na mchana hujificha ndani ya vumbi la sakafu na katika nyufa za ukuta. Usiku hutoka, humnyonya aliyelala kwa muda wa nusu saa au karibu saa nzima, kisha hurudi mafichoni kabla hakujapambazuka. Kuuma kwake hakuna maumivu makali, kwa hiyo watu wengi hawajui kabisa kuwa wameumwa. Anaweza kukaa miaka kadhaa bila kula na asife. Ndiyo maana tembe lililohamwa siku nyingi linaweza kumdhuru mgeni anayelala humo usiku mmoja tu.

Ndani ya papasi mna bakteria wembamba waliojisokota kama uzi. Mnamo mwaka 1905 daktari Mjerumani Robert Koch alifuata njia za misafara zilizotoka pwani ya nchi yetu kuelekea bara. Aliwakuta papasi katika vibanda walimolala wapagazi, na akaonyesha kwamba bakteria hao hupita hata katika mayai ya papasi. Maana yake ni kwamba papasi anaweza kuzaliwa tayari ana ugonjwa. Mwaka huo huo daktari Mwingereza Joseph Dutton, aliyekuwa akiuchunguza ugonjwa huu mashariki ya Kongo, alifariki kwa homa hiyo hiyo mjini Kasongo. Bakteria wa huku kwetu wamepewa jina lake.

Sasa tuangalie kwa nini wazazi wengi huona hakuna haja ya kupima. Sababu yao si ya kijinga hata kidogo. Homa ya papasi hukatika yenyewe baada ya siku tatu hadi sita. Kwa kawaida mzazi humpa mtoto dawa siku ya pili au ya tatu. Kama amempa dawa mseto ya malaria ya siku tatu, homa inakatika wakati dawa inaisha, naye anasema dawa imefanya kazi. Kama amempa mizizi iliyochemshwa, anasema mizizi imefanya kazi. Kama amempa vidonge viwili vya kutuliza maumivu kutoka dukani, vidonge navyo vinapata sifa. Kumbe mwili wa mtoto ndio uliowapiga wadudu, na wachache waliobaki wamebadili sura yao ili mwili usiwatambue. Wanazaana kimya kimya kwa siku saba au zaidi, na homa inaanza upya. Dawa ya malaria haiwaui kabisa.

Walifika kituoni kwetu wazazi wawili na mtoto wao wa kiume wa miaka sita. Mama ndiye aliyetaka kipimo. Baba alikuja kwa sababu mama alishikilia, maana ulikuwa msimu wa kuvuna vitunguu. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema waziwazi:

"Daktari, mimi nimezaliwa kwenye tembe hilo hilo. Baba yangu kalala humo mpaka uzee wake. Hao papasi tunaishi nao. Mbona mimi siugui?"

Hili ni swali zuri, na wengi mnalo. Nilimjibu, "Baba, huenda wewe uliugua ulipokuwa mdogo, ukapona, na mwili wako ukajifunza. Kila papasi anapokuuma sasa, mwili unakumbuka. Mwanao bado hajajifunza." Ndivyo ilivyo. Mahali penye papasi wengi, watu wazima waliokulia hapo hupata kinga kiasi. Wanaoteseka ni watoto wadogo, wageni, na mama wajawazito. Kwa mama mjamzito hatari ni kubwa mno: mimba inaweza kuharibika, mtoto anaweza kuzaliwa kabla ya wakati, na vichanga wengi wanaozaliwa na ugonjwa huu hufa. Kwa hiyo afya ya baba haitoshi kuwa ushahidi kwamba nyumba ni salama.

Mama naye alikuwa na hofu yake. Alidhani mtoto atatolewa damu chupa nzima, na mtoto mwenyewe alikuwa amekonda. Damu inayohitajika ni tone moja au mawili kutoka kidoleni. Hupakwa juu ya kioo kidogo, hutiwa rangi, kisha huangaliwa kwa hadubini. Wale bakteria waliojisokota huonekana katikati ya chembe za damu.

Jambo ambalo nataka kila mzazi alishike ni siku ya kupima. Bakteria hawa hujaa katika damu wakati homa iko juu. Homa ikishuka, hupungua mno hata mpimaji hodari hawezi kuwaona. Wazazi wengi huahirisha safari wakati mtoto yuko hoi, kisha humleta siku anayotembea mwenyewe. Kioo kinaangaliwa, hakionyeshi kitu, wanarudi nyumbani wakisema tumepima na hana. Kipimo cha siku isiyo na homa hakiwezi kuufuta ugonjwa huu. Mleteni siku ya kwanza au ya pili ya homa, kabla hamjampa dawa ya kuua bakteria. Kama hakuonekana kitu na dalili bado ni zile zile, ombeni apimwe tena homa itakaporudi.

Mwambieni mhudumu mapema kwamba mnalala nyumba ya udongo yenye papasi, na kwamba homa imekuja mara ngapi. Kile kipimo cha haraka cha malaria chenye mistari hakiwezi kuonyesha homa ya papasi hata kidogo, kwa sababu kimetengenezwa kutafuta malaria tu. Asipoambiwa, mhudumu anaweza kuishia hapo. Kama zahanati yenu haina hadubini, ombeni barua ya rufaa ya kwenda kituo cha afya au hospitali yenye maabara. Mwenye kalenda ukutani aweke alama kila siku ya homa. Asiye na kalenda afunge fundo kwenye kamba. Kamba ya namna hiyo, yenye mafundo matano, nafasi, kisha mafundo manne, humsaidia sana mganga kuliko maneno "anaumwa umwa tu".

Je, kuna sababu ya kutopima? Yupo mtoto aliyepata homa mara moja, ikaisha, na miezi imepita bila kurudi. Huyo mimi siwezi kuwaambia wazazi wake watumie nauli kumpima leo, kwa maana hata kama alikuwa nao kipimo hakitauona. Wamwangalie, na homa ikitokea wamkimbize. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kutoka Tanzania ya kati ulionyesha kwamba bakteria wa jamii hii wapo hata kwa baadhi ya watoto wasio na homa. Lakini vipimo vya aina hiyo vya kitaalamu havimo katika zahanati, na kazi yetu sisi ni kumtibu mtoto anayeumwa.

Yupo pia mtoto ambaye wazazi husema ana homa ya papasi ya miaka mitatu. Hapa tuwe waangalifu. Bila dawa homa hurudi mara kadhaa katika wiki na miezi, kila mara ikiwa dhaifu zaidi, na kwa kawaida huisha. Ikiwa mtoto anaumwa mwaka hadi mwaka, mara nyingi ni moja kati ya mambo mawili. Ama anaambukizwa upya kila msimu kwa sababu bado analala na papasi wale wale, ama ana ugonjwa mwingine. Kifua kikuu, selimundu ambao wengi huuita siko seli, ugonjwa wa njia ya mkojo, virusi vya UKIMWI, na homa itokanayo na kunywa maziwa yasiyochemshwa, yote hayo huleta homa za kurudi rudi. Mzazi asije na jina la ugonjwa mmoja mdomoni akakataa vipimo vingine.

Nalitaja hili kwa sababu vijana wetu walioko mijini siku hizi husoma habari katika simu na kuwapigia wazee wao: "Mpimeni mtoto ugonjwa wa Lyme." Lyme ni mji mdogo katika jimbo la Connecticut, Marekani. Mnamo mwaka 1975 akina mama wa huko waliona watoto wengi wanavimba magoti, wakalalamika kwa idara ya afya mpaka uchunguzi ukafanyika. Aliyegundua bakteria wake mwanzoni mwa miaka ya 1980 ni Willy Burgdorfer, Mswisi ambaye katika ujana wake alisomea habari za papasi wa Afrika. Bakteria hao ni ndugu wa hawa wetu, lakini hubebwa na kupe wa msituni wa nchi za baridi. Kipimo chake cha damu hutafuta kinga ya mwili, na mtu aliyewahi kuugua homa ya papasi anaweza kuonekana ana Lyme kumbe hana. Huko kwao wenyewe wazazi na madaktari hubishana sana juu ya watoto wanaosemwa wana ugonjwa huo kwa miaka mingi. Kwa mtoto wa Iguguno ambaye hajatoka Iguguno, fedha hiyo ni afadhali itumike kwa hadubini na neti.

Yule mtoto wa miaka sita alipimwa siku ile ile, kwa kuwa joto lake lilikuwa juu, na wadudu walionekana. Baba alipoitwa kuangalia katika hadubini alikaa kimya kwa muda, kisha akauliza dawa ni ipi ili akanunue dukani aende zake shambani.

Hapo nilimkatalia. Dawa zipo na zinaponya: penisilini, erithromaisini, na kwa wakubwa tetrasaiklini au doksisaiklini. Lakini saa chache baada ya dozi ya kwanza, wadudu wanapokufa kwa wingi, mgonjwa anaweza kutetemeka sana, joto likapanda kuliko mwanzo, kisha mapigo ya moyo yakadhoofika. Mtoto mdogo au mama mjamzito anaweza kupoteza maisha katika saa hizo akiwa nyumbani. Dozi ya kwanza itolewe penye mhudumu, na mgonjwa abaki hapo aangaliwe. Mtoto yule alitetemeka kweli, kama saa mbili baada ya sindano. Mama alimshika, baba akaenda kutafuta maji. Jioni alikuwa ametulia. Dawa zilizobaki alimaliza zote, ingawa siku ya tatu alikuwa tayari anarukaruka.

Ikiachwa bila tiba homa hii inaweza kumpindisha mtoto uso upande mmoja, kumletea ugonjwa wa macho, kumvimbisha bandama na kumpunguzia damu. Wengine hufa katika homa ya kwanza kabla mabishano ya nyumbani hayajaisha.

Niliwaeleza pia kuhusu nyumba, kwa sababu sindano haimzuii papasi wa kesho. Kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 iliwafundisha wananchi kusafisha mazingira yao, na bado kuna tembe nyingi ambazo kuta zake hazijasilibwa. Zibeni nyufa za ukuta na sakafu kwa udongo mzuri, na mwenye uwezo apige lipu na saruji. Kitanda kisiguse ukuta. Neti yenye dawa ichomekwe chini ya godoro pande zote, maana huzuia mbu na papasi pia. Watoto wasilale chini juu ya ngozi au mkeka. Kuku wetu wa Singida wana sifa nchi nzima, lakini wajengewe banda lao, kwa sababu papasi hula damu ya kuku pia, na kuku akilala chumbani anamfuga papasi hapo hapo. Unapohama, anika na kung'uta mikeka, magunia na matandiko juani kabla ya kuyaingiza katika nyumba mpya.

Baba yule aliuliza kama akilijenga tembe upya pale pale papasi watakwisha. Nikamwambia asichote udongo wa ukuta wa zamani kufyatulia matofali mapya, na sakafu ya zamani aichimbe na kuitupa mbali na nyumba kabla ya kumwaga saruji.