Parseli juu ya maji

Sisi watu wa mine tunajua maji kuliko vile watu wanafikiri. Usiku na muchana pompa inatoa maji katika shimo, na ikisimama saa chache tu, tunakimbiza vyombo juu. Tumeona pia hivi: mvua kubwa ikipiga, kiisha siku mbili tatu maji ya chini inageuka rangi ya udongo. Hakuna mtu aliyeishusha na ndoo. Inapita yenyewe katika majiwe.

Tunaanza na hiyo kwa sababu ya Kimilolo. Hapa Lubumbashi, sehemu ya maji ya REGIDESO haitoki mtoni, inatoka chini ya udongo, katika visima virefu vya pale Kimilolo. Jiwe ya chini ni dolomi. Maji inaikula polepole mpaka inafungua mipasuko, na ndiyo sababu maji inakuwa mingi. Lakini njia ile inayopitisha mvua inapitisha maji ya choo pia, na mafuta ya garaji. Muchanga ungechuja, mupasuko hauchuji kitu. Tanki hii haina mufuniko wa simenti. Mufuniko wake ni udongo na miti, na sisi tunaukata parseli kwa parseli.

Sheria iko. Sheria ya maji, namba 15/026 ya tarehe 31 desemba 2015, inataka maeneo ya ulinzi kuzunguka mahali panapochotwa maji ya kunywa. Kwenye karatasi ni safi kabisa.

Tusinyooshee serikali peke yake kidole. Kodi ya mine ya mwaka 2018 inaomba kila kampuni kutoa angalau 0,3 % ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Katika cité yetu, sendika ilipigania hiyo franga, tukapata foraji, pompa na tanki. Siku ya kufungua tulicheza ngoma. Hakuna mtu aliyeuliza: udongo wa kuzunguka foraji ni wa nani? Kiisha shamba la pale juu likauzishwa. Wanunuzi ni nani? Bakamaradi betu, waliopata dekonti yao ya mwisho.

Kwenye mukutano mama mumoja akasimama: « Mulitupiganiaka maji, kiisha mukachimba vyoo juu yake. Batoto banaharisha, njo munaita maendeleo? »

Papa mumoja wa pensheni akajibu: « Miye nilitumika mine miaka makumi mbili na sita. Hii nyumba njo yote niko nayo. Karatasi iko na kashe ya biro. Munataka niende wapi? »

Wote wawili wako na haki, na hapo ndipo tulinyamaza. Kumubomolea mutu nyumba aliyonunua na jasho lake, sendika haiwezi kuisaini.

Tunachoomba ni hiki. Foraji yoyote inayoandikwa katika cahier des charges iandikwe pamoja na udongo wake: upimwe mbele ya kuchimba, ununuliwe, uingie kwenye karata ya kadastre kwa jina la wakaaji wote, upandwe miti. Pompa bila udongo tusiisaini tena. Kwa wale waliokwisha kujenga, kampuni ilipe mashimo ya choo yaliyofungwa na beto, yanayokamuliwa na kamyo, badala ya shimo wazi linaloteremuka mpaka kwenye jiwe. Garaji na depo ya mafuta zihame, hizo hatuzibembelezi. Na biro inayotia kashe iangalie kwanza karata ya visima.

Bei itakuwa kubwa, tunajua. Kampuni itasema franga imeisha kwenye pompa.

Papa yule bado hajakubali. Siku ya posho tulienda kupima naye. Yeye alishika mwisho wa kamba pale choo chake, sisi tukashika mwingine pale pompa. Ilitoka hatua makumi tatu na tano. Akaikunja kamba pole pole, akatuuliza beto ya shimo moja inaomba mifuko ngapi ya simenti.