Msawazo wa Mwili Uzeeni

Bibi atokaye kisimani huko Mbebe, wilayani Ileje katika mkoa wa Songwe, akiwa na ndoo kichwani, hutatua bila kujua swali gumu la fizikia. Kila anapoinua mguu, mwili wote pamoja na mzigo hubaki juu ya unyayo mmoja, nao hauna budi kurudishwa juu ya tegemeo lake kabla haujapinduka.

Taarifa zimwezeshazo kufanya hivyo hutoka mahali patatu: macho, mirija mitatu ya nusu duara iliyomo katika kila sikio la ndani, ambayo majimaji yake husogea kichwa kigeukapo, na hisi zilizomo katika misuli, viungo na nyayo. Mwanafunzi aweza kujithibitishia. Asimame kwa mguu mmoja, mwenzake akiwa karibu kumdaka, kisha afumbe macho. Atapepesuka upesi, maana shahidi mmoja ameondolewa. Kwa mzee mashahidi wote watatu hufifia polepole, na misuli ya mapaja hupungua nguvu.

Tuseme bibi huyo amebaki bila jamaa, akapokewa katika makazi ya wazee, mfano wa yale ya Nunge, Dar es Salaam, au Kolandoto, Shinyanga. Kisima si kazi yake tena. Wala si kwamba ndoo ilikuwa jambo jema. Shingo na magoti huilipia. Lakini mwili usiojaribiwa husahau. Hofu ya kuanguka humkalisha kitini, kukaa humdhoofisha, na siku ainukapo kwenda msalani huanguka kweli. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na waliopita umri wa miaka 60 ndio wengi.

Je, aliyekwisha dhoofika aweza kufundishwa upya? Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya jaribio la Australia lililohusu makazi 16 na wakazi 221. Kundi moja lilifanya mazoezi ya nguvu na ya msawazo, saa moja mara mbili kwa wiki, kwa wiki 25, kisha likaendelea na mazoezi ya kudumisha. Katika miezi 12 kundi hilo lilianguka kwa kiasi cha asilimia 55 pungufu kuliko lile lililopata huduma za kawaida.

Siri yake ni kwamba zoezi lazima limtikise mzee kidogo. Kupunga mikono akiwa ameketi huchangamsha, lakini hakufundishi miguu. Afadhali ainuke kitini bila kujisukuma kwa mikono, anyanyue visigino, asimame unyayo mmoja mbele ya mwingine, hatimaye kwa mguu mmoja, na ugumu uongezwe kadiri anavyoweza. Mazoezi yakiachwa, faida nayo hutoweka. Kwa kuanzia chatosha kiti kizito kisichoteleza, ukuta, na mtumishi asimamaye karibu bila kumshika.